Injini ya Trekta Iliyoundwa Upya: Oili Gani, na Kazi Gani ya Kwanza?

Msimu wa kulima umekaribia. Trekta ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kumaliza oili kila siku, na asubuhi ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Basi wenyewe wakatoa fedha, pengine za mahindi ya mwaka mzima, pengine za maziwa, pengine mkopo wa chama cha ushirika, na injini ikafunguliwa yote. Sasa fundi ametia slivu mpya, pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya. Siku ya kuichukua imefika.

Hapo utakutana na watu watatu. Fundi atakuuliza, "Tutie oili gani?" Mwenye duka atakuonyesha kichupa cha rangi nzuri na kusema, "Ongeza hiki, injini yako haitachoka." Na jirani yako, kwa moyo mwema, atakushauri, "Iache iungurume polepole kutwa nzima ili izoee. Usiipe kazi mwezi huu."

Ndugu mkulima, majibu utakayowapa watu hawa watatu ndiyo yataamua kama injini hiyo italima miaka mingi au itarudi kwa fundi kabla ya mavuno. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Injini nayo hukunjwa katika saa zake 50 za kwanza za kazi. Baada ya hapo imekwisha kauka, na kosa lililofanywa haliondolewi kwa oili ya bei kubwa.

MAMBO YANAYOTENDEKA NDANI YA INJINI

Ukitazama ndani ya silinda mpya utaona mikwaruzo midogo inayopishana kama ukili wa mkeka. Usidhani ni kazi mbaya. Fundi ameifanya makusudi kwa mawe ya kusugulia. Mikwaruzo hiyo ina kazi mbili: kushika oili kidogo ukutani, na kuzisugua ringi mpaka kila ringi ilingane sawasawa na silinda yake.

Fikiri habari ya panga na kinoo. Ukipaka kinoo grisi, panga lateleza tu na makali hayapatikani. Ukilipitisha juu juu bila kulikandamiza, vile vile hupati makali. Lakini ukilikandamiza kwa nguvu ya kadiri, panga lapata makali kwa muda mfupi. Ringi na silinda ni hivyo hivyo. Zahitaji oili ya kutosha ili zisiungue, lakini si utelezi wa kupita kiasi. Na zahitaji kukandamizwa.

Ni kitu gani kinachozikandamiza? Ni moto wa dizeli yenyewe. Dizeli inapowaka juu ya pistoni, gesi yenye nguvu huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje, nayo ikabana ukuta. Injini inapovuta mzigo, nguvu hiyo ni kubwa. Injini inapounguruma bure, nguvu hiyo ni ndogo.

Hapo ndipo shauri la jirani linapoleta hasara. Injini mpya ikiachwa iungurume kutwa nzima, ringi hazibani. Oili hubaki ukutani, hupikwa na joto, na kugeuka utando mgumu, laini kama kioo, unaojaza ile mikwaruzo yote. Sasa ringi hazina tena kitu cha kuzisugua. Oili hupanda juu ya pistoni na kuungua, na moshi wa buluu unarudi ingawa kila kitu ndani ni kipya. Mara nyingi dawa yake ni moja tu: kufungua injini tena na kuzisugua silinda upya. Ndiyo kusema fedha za mara ya kwanza zimepotea.

OILI YA KUTIA

Jibu fupi ni hili: tia oili ya kawaida ya injini ya dizeli, ile inayotajwa na kitabu cha trekta yako, iliyo safi na katika chombo kilichofungwa kiwandani. Hapana haja ya kutafuta ya ajabu.

Juu ya chombo utaona maandishi ya namna mbili. Yafaa ujue kuyasoma.

Ya kwanza ni uzito, ulioandikwa baada ya herufi SAE. Oili ya SAE 40 ni nzito kuliko SAE 30. Ile ya 15W-40 ni nyepesi injini ikiwa baridi, na injini ikipata moto hushika kama oili ya uzito wa 40. Kwa hiyo yafaa sana huko juu kwenye baridi, kama Kinangop na Ol Kalou, ambako asubuhi oili nzito huchelewa kupanda mpaka kwenye valvu. Na mchana wa jua kali haiwi nyepesi mno. Kwa trekta nyingi za dizeli hapa kwetu, 15W-40 ni oili inayofaa mwaka mzima, lakini kitabu ndicho mwamuzi.

Ya pili ni daraja, lililoandikwa baada ya herufi API, ambayo ni taasisi ya mafuta ya Marekani. Daraja linaloanza kwa herufi S ni la injini za petroli. Linaloanza kwa C ni la injini za dizeli. Herufi inayofuata yaonyesha umri wa daraja: CD ni la zamani, CI-4 lilitoka mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Kitabu cha trekta ya zamani chaweza kutaja CD tu. Usihangaike kutafuta CD. Oili ya CI-4 imekusudiwa kutumika badala ya CD.

Kwa nini oili ya petroli isitumike kwenye dizeli? Sababu moja ni masizi. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi, na oili yake imetengenezwa iyashike yasigande. Sababu ya pili ni dawa ya zinki. Tangu miaka ya 1940 watengenezaji wa oili wamekuwa wakitia ndani yake dawa yenye zinki na fosforasi. Mahali ambapo chuma hugusana na chuma kwa nguvu, dawa hiyo hufanya ngozi nyembamba inayozuia kulika. Mahali pa namna hiyo hasa ni pale kamshafti inapozisukuma tapeti. Lakini fosforasi huharibu chombo cha kusafishia moshi kilicho katika ekzosi ya motokaa za petroli za siku hizi. Kwa hiyo imepunguzwa. Daraja SM la mwaka 2004 liliamuru ya kwamba katika oili nyepesi za petroli fosforasi isizidi sehemu 8 katika 10,000. Oili ya dizeli, hata ile ya CK-4, yaruhusiwa mpaka sehemu 12 katika 10,000. Kwa hiyo, ukitia oili halisi ya dizeli, kinga ya kamshafti mpya umekwisha inunua.

Je, oili ya sinthetiki, ile ya bei kubwa? Si mbaya, na viwanda vingine hutia oili hiyo katika injini mpya tangu siku ya kwanza. Lakini injini yako ni ya mtindo wa zamani, ikiwa ni ile ya Perkins yenye silinda tatu iliyomo katika Massey Ferguson 35, 135 au 240. Nayo iliundwa kwa oili ya kawaida. Tena, oili hii ya kwanza itamwagwa baada ya saa chache. Ya nini kununua kwa bei kubwa kitu cha kumwaga juma lijalo?

Jihadhari na makosa haya. Oili ya giaboksi, iliyoandikwa 90 au 140, usiitie katika injini. Oili ya haidroliki vile vile, isipokuwa chombo chenyewe kimeandikwa ya kwamba oili hiyo ni ya injini pia. Na oili inayopimwa kutoka katika pipa lililo wazi usiikubali, hata ikiwa rahisi. Hujui ni oili gani, wala hujui kama imekwisha tumika mahali pengine. Nunua iliyofungwa, tazama kifuniko kama hakijafunguliwa, tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na utunze risiti.

VICHUPA VYA DUKANI

Mwenye duka anafanya biashara yake, wala hatumlaumu. Lakini yapasa ujue anachokuuzia. Vichupa vya kuongeza katika oili ni vya namna tatu hasa.

Namna ya kwanza ni ya kuzidisha utelezi. Ndani yake mna unga laini sana wa grafiti, au wa molibdeni, au wa kitu kile kinachopakwa katika sufuria zisizoshika chakula. Kwa injini inayozoeshwa, hii ni grisi juu ya kinoo. Inazuia kazi ile ile ambayo ringi zinataka kuifanya. Tena majivuno yaliyoandikwa juu ya vichupa hivi usiyaamini upesi. Mwaka 1997 huko Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki iliifanya kampuni moja kubwa ya dawa za namna hii ikubali kuacha kutangaza mambo isiyoweza kuyathibitisha.

Namna ya pili ni ya kuifanya oili iwe nzito, ili moshi upungue na kelele zinyamaze. Hii ni kuficha ugonjwa. Injini mpya ikitoa moshi, unataka kuuona moshi huo mapema, si kuufunika.

Namna ya tatu ni ya kuongeza zinki. Hii ina maana yake, lakini mahali pake si hapa. Mafundi wa magari ya mashindano huitumia. Injini za magari hayo huzunguka kwa kasi sana, na springi zake za valvu ni ngumu mno, hata kamshafti mpya yaweza kulika katika dakika za kwanza. Ndiyo sababu, wakitia kamshafti mpya yenye tapeti bapa, hutumia oili yenye zinki nyingi, na injini ikiwaka tu huiendesha kwa mizunguko 2,000 au zaidi kwa dakika, muda wa dakika 20 hivi, bila kuiacha iungurume chini. Vijana wetu wanaopenda Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, huyasikia mambo hayo na kuyaleta shambani. Lakini trekta si gari la Safari. Springi zake ni laini, mwendo wake ni wa pole, na oili yake ya dizeli ina zinki ya kutosha. Zinki ikizidi haileti faida zaidi, nayo yaweza kuvuruga dawa nyingine zilizopimwa kiwandani kwa kadiri yake.

Basi jibu kwa mwenye duka ni: "Asante, nipe filta mpya." Fedha za kichupa kimoja zaweza kukusaidia kununua filta ya oili, na filta ina faida unayoweza kuiona kwa macho.

KABLA YA KUWASHA

Simama karibu na fundi siku hiyo, nawe uangalie mambo haya:

1. Filta ya oili iwe mpya, na ikiwezekana ijazwe oili kabla ya kufungwa.

2. Oili ifike alama ya juu ya kijiti cha kupimia, isipite. Oili ikizidi hupigwa na krankshafti ikatoa povu.

3. Chombo cha kusafishia hewa kisafishwe kabisa. Trekta nyingi za zamani zina bakuli la oili chini ya chombo hicho. Lioshwe, litiwe oili mpya mpaka kwenye alama, na mpira wa kupeleka hewa kwenye injini usiwe na ufa. Vumbi la shamba likipita hapo litazila ringi mpya upesi kuliko kosa lolote la oili.

4. Reditaa ijazwe maji safi, na mkanda wa feni ukazwe.

5. Injini izungushwe kwa stata huku kifungo cha kuzimia kimevutwa, kidogo kidogo ili betri na stata visiungue, mpaka geji ya oili ianze kupanda. Hivyo beringi hazitazunguka zikiwa kavu.

Baada ya hayo iwashwe. Geji ya oili yapasa kupanda mara moja. Ikiwa sekunde kama 15 zimepita na haijapanda, zima injini. Usiongeze mwendo ili kuona kama itapanda.

KAZI YA KWANZA

Injini ikishawaka, iache kwa dakika chache tu, kwa mwendo wa kadiri, huku ukitazama kama kuna oili, maji au dizeli inayovuja. Maji yakipata joto, maungurumo yametosha. Ipe kazi.

Huenda jambo hili likakushangaza, lakini si shauri letu tu. Vitabu vya Perkins vya injini zake za miaka ya baadaye vyasema wazi ya kwamba injini mpya haihitaji kuzoeshwa polepole; ya kwamba kazi nyepesi ya muda mrefu mwanzoni haifai; na ya kwamba yaweza kubeba mzigo wote mara maji yake yafikapo joto la digrii 60 za Selsiasi. Hata hivyo injini yako haikuundwa kiwandani, bali imeundwa kwa mkono katika karakana. Kwa hiyo ni busara kuanza kwa mzigo wa kadiri na kuuongeza kila siku.

Siku ya kwanza, funga trela lenye mzigo wa nusu, au haro katika udongo uliokwisha limwa. Chagua gia ambayo injini inavuta bila kuhema. Usikae kwa mwendo mmoja. Ongeza na upunguze mara kwa mara. Ikivuta mlima mdogo na kushuka, ni vizuri zaidi, maana inakandamizwa kisha inapumzika. Siku ya pili na ya tatu waweza kufunga plau, lakini usiiingize chini sana. Baada ya hapo, kama geji ya oili na ya joto zatulia, lima kama kawaida.

Makosa ni mawili, nayo yako pande mbili za njia. La kwanza ni kuidekeza, kama tulivyosema. La pili ni kuinyonga, yaani kuilazimisha ivute gia kubwa kwa mwendo wa chini huku inatoa moshi mweusi na kutetemeka. Badilisha gia. Wala usiiendeshe kwa kasi yote bila mzigo. Na unapomngoja mwenye shamba aonyeshe mpaka, zima injini badala ya kuiacha iungurume nusu saa.

OILI YA KWANZA ITAKUAMBIA HABARI

Oili ya kwanza hubeba unga wa chuma uliotoka kwenye ringi na silinda zilipokuwa zikisuguana. Kwa hiyo haikai muda mrefu. Ibadilishe pamoja na filta baada ya saa 25 mpaka 50 za kazi, kama kitabu chako kinavyoagiza. Kwa trekta inayolima saa 8 kwa siku, saa 50 ni karibu juma moja tu. Trekta nyingi za zamani, saa yake ya kuhesabia kazi imekufa. Basi dereva aandike katika daftari saa alizofanya kazi kila siku na oili aliyoongeza.

Imwage injini ikiwa na moto, katika beseni safi, kisha uitazame juani. Ukiona kumeta kidogo kama unga laini, usiogope. Ndiyo kazi ya kuzoeana. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha, mwite fundi kabla ya kuwasha tena. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Pengine gasketi ya hedi haikukaa sawa. Oili ikiwa imeongezeka badala ya kupungua na inanuka dizeli, kuna mahali dizeli inavuja ndani. Mambo haya yote ni rahisi kutengeneza yakijulikana juma la kwanza.

Wakati huo huo mwambie fundi akaze tena nati za hedi na kupima nafasi za valvu, kama kitabu kinavyosema. Kazi hii husahauliwa mara nyingi, na gasketi huungua kwa ajili yake.

Oili chafu usiimwage mtoni wala kisimani, wala usimpake ng'ombe kwa kupe. Irudishe katika chombo chake na uipeleke kwa wanaokusanya oili iliyotumika.

TAZAMA MOSHI NA DAFTARI

Katika saa za kwanza moshi wa buluu kidogo si ajabu. Yapasa upungue siku kwa siku, na oili inayoongezwa ipungue vile vile. Daftari litakuonyesha. Ikiwa saa 50 zimepita na oili inaendelea kupotea kama mwanzo, rudi kwa fundi na daftari lako mkononi. Mwenye kuandika hasemezwi; asiyeandika ataambiwa dereva wake ndiye aliyeharibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mjibu fundi: oili ya kawaida ya dizeli, ya daraja la C, ya uzito uliotajwa na kitabu.

Mjibu mwenye duka: filta mpya, si kichupa.

Mjibu jirani, kwa heshima: injini mpya hujifunza kazi kwa kufanya kazi.

Kisha badilisha oili mapema, itazame, na uandike. Fedha za kuunda injini mmekwisha zitoa. Juma hili moja la uangalifu ndilo litakalozilinda, ili mvua zinapoanza trekta iwe shambani, isiwe juu ya mawe karakanani.